Meza Inayonadi

Kwenye diko la Malindi, hapa Unguja, samaki ana msemaji wake. Dalali hupaza sauti, hutaja bei, humtazama huyu na kumchochea yule, na jodari hupata mwenyewe kabla jua halijawa kali. Mnada wa kimya hauna dalali. Kila kitu kinalazwa mezani na karatasi yake. Anayekitaka anaandika jina na bei, akija mwingine anaandika iliyo juu. Kazi yote ya dalali inamwangukia aliyeipanga meza.

Ufundi huo naupenda, na naona haujapewa heshima yake. Watu huudhania ni wa wenye fedha, wa vitambaa vya kukodi na stendi za vioo kutoka Dubai. Katika shughuli ya kuchangia madrasa au wodi, kukodi mapambo ni kuila sadaka kabla haijafika.

Mpangaji hodari hujilimbikizia. Mwaka huu doti moja ya kisutu kutoka maduka ya Mchangani, mwakani nyingine ya aina ileile. Nasema kisutu kwa sababu wekundu, weusi na weupe wake haubadiliki miaka nenda miaka rudi, hivyo doti ya leo hukubaliana na ya mwaka juzi. Tena mara nyingi haina jina. Kanga yenye jina humshughulisha mgeni kusoma, akaisahau bidhaa. Chini ya kanga zinapinduliwa kreti tupu za soda, za kuazima kwa muuza duka, zikipanda ngazi kuelekea nyuma. Vikapu vidogo vya ukili vilivyokuja na halua visitupwe: hukaa vipuli, karafuu na sabuni za mwani za Paje. Kalamu ifungwe kwa kamba ya usumba, ile ambayo kina mama wa Jambiani huisokota kutokana na makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi.

Kofia ya viua inahitaji uangalifu zaidi. Ikirundikwa na nyingine, itapewa bei ya kofia ya mashine. Ivishwe chungu kilichopinduliwa, taa iipige ubavuni, vitobo vyote vionekane. Hapo mtu ataelewa kuwa kuna aliyeinamia sindano wiki baada ya wiki. Bibi aliyeitoa naye, akipita mbele ya meza, ataiona sadaka yake imekaa mahali pa heshima.

Kigumu kuliko vyote ni bahasha. Hoteli ya Nungwi ikitoa malazi ya siku mbili, kinachofika ni karatasi, na karatasi haina sura. Ipewe chano: mchanga mweupe kidogo, ngalawa ya kuchonga, bahasha iegemee tanga.

Mnada wa kumsaidia mtu si jambo geni kwetu. Katika Sunan ya Abu Dawud, Anas bin Malik anasimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyonadi tandiko na bakuli vya Ansari aliyekuja kuomba. Mmoja alitoa dirhamu moja; Mtume akauliza nani ataongeza, vikauzwa kwa mbili, moja ya chakula na moja ya shoka la kutafutia riziki. Vitu vyenyewe vilikuwa duni. Lakini Mtume alivishika kwa mkono wake mbele za watu, na mimi nauona ufundi wa meza ukianzia hapo.

Haja haipigi hodi. Mwaka 2019 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, hapa Mji Mkongwe, kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Siku kama hiyo hakuna nafasi ya kuanza kutafuta vitambaa. Ndiyo maana naomba kila shehia iwe na kasha lake la mnada, likae penye hewa kwa sababu masika huotesha ukungu kwenye ukili, na liazimwe bure kwa madrasa, skuli na hospitali. Anayetaka kulianza na aanze wiki hii, kwa doti moja na kreti nne.