Mpanda Ina Majina Manne

Anayetaka kuipima kazi ya mkutubi asimtazame akipanga vitabu. Ampelekee swali. Amwambie, "Natafuta habari za Mpanda, zile za zamani," kisha anyamaze na kumwangalia. Mwenye simu yeyote ataandika "Katavi" kwenye kisanduku cha kutafutia na kusoma kilichokuja. Mkutubi ataanza kwa kurudi nyuma kichwani. Mkoa wa Katavi, ilimo Mpanda leo, ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa. Rukwa nayo iliundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikimegwa kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora. Na enzi ya Mwingereza, sehemu hizi zilihesabiwa ndani ya Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora. Mji ni uleule, lakini karatasi zake zimelala chini ya majina manne. Anayetafuta kwa jina la leo peke yake atapata habari za leo peke yake, na ataondoka akiamini kwamba zamani hapakuandikwa kitu.

Huo ndio ustadi ninaotaka kuusifu. Hausifiwi sana, kwa sababu ukifanyika vizuri hauonekani: msomaji hupata alichotaka, hushukuru, hutoka nje kwenye jua la Mpanda na kusahau kwamba kuna mtu aliyelipindua swali lake mara tatu kabla halijajibika. Siku hizi ustadi huu una mtihani mpya. Kila mwaka kompyuta ya maktaba inaletewa zana nyingine ya mtandaoni, na anayehudumu pale, iwe ni maktaba ya umma, ya shule au ya chuo, anatakiwa ajifunze. Wengi hudhani kujifunza zana ni kujua ubonyeze wapi. Mkutubi anajua kwamba kubonyeza ndiyo sehemu nyepesi. Kazi hasa ni kugundua zana hiyo inaficha nini.

Endelea na swali la Mpanda. Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, leo ni sehemu ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Kituo chake kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kumbukumbu nyingi za mwanzo za kituo hicho ziko kwa Kifaransa, na humo jina la mahali linaandikwa na alama juu ya herufi: Karéma. Au chukua Mishamo, mkoani humohumo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1995 kikatoka kitabu chake Purity and Exile. Kitabu hicho kinajulikana na wasomi wa wakimbizi duniani kote, lakini jalada lake halitaji Mpanda wala Rukwa. Linataja Wahutu na Tanzania. Kijana wa Mishamo anayetaka kujua kilichoandikwa juu ya makazi ya babu yake anaweza kukikosa, na kosa si lake.

Mkutubi hukariri vitu vya namna hii bila kuambiwa. Haviandikwi kwenye mtaala wowote. Anavipata kwa kuhudumia, swali baada ya swali, mpaka eneo lake linakuwa na ramani ya pili kichwani mwake: ramani ya mahali habari zake zilikowekwa.

Wenye haraka husema kompyuta imeifuta kazi hii. Lakini kila zana ya maktaba, tangu kadi za kwanza, ilikuja na macho ya aliyeitengeneza. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mfumo wake wa kugawa maarifa yote kwa namba, na namba hizo ndizo zilizopangwa kwenye rafu zetu. Katika kundi la lugha, Kiingereza kilipewa 420, Kijerumani 430, Kilatini 470, Kigiriki 480. Karibu lugha nyingine zote za dunia zikasongamana kwenye 490, na humo ndani Kiswahili kikapata 496.392. Kwenye dini, Ukristo ulichukua karibu kundi zima, Uislamu ukakaa 297, na dini za jadi za Afrika zikasukumwa hadi 299.6. Sasa mletee mkutubi andiko juu ya Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inasemekana inakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambapo watu bado hupeleka sadaka. Aliweke wapi? Kwenye dini ni mbali, mwisho wa rafu. Kwenye ngano, 398, atakuwa amesema kwamba imani ya watu ni hadithi tu. Kwenye historia ya Tanzania, 967.8, atamkosa anayetafuta matambiko. Mkutubi hawezi kukwepa uamuzi, na kila uamuzi ni hukumu ndogo juu ya watu. Anachoweza ni kuufanya akijua, kisha kuacha alama kwenye orodha ili anayekuja kwa njia nyingine naye afike.

Huduma za maktaba za umma zilianza kwa nguvu mara tu baada ya uhuru. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Kizazi kile kilijifunza kadi: kuandika kwa mkono au taipu, kuzipanga kwa alfabeti, kutoboa tundu chini na kupitisha ufito ili zisichomoke. Baadaye, mwaka 1989, Bagamoyo ikapata Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, na wakutubi wasaidizi wengi wa nchi hii wamepitia hapo. Waliokuwa vijana wakati wa kadi wakakutana ukubwani na Koha, programu huria iliyobuniwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, ambayo sasa inaendesha maktaba kadhaa za vyuo vikuu vya Tanzania. Wakakutana na DSpace, iliyotoka mwaka 2002, ya kuhifadhia tasnifu na makala za chuo. Wakakutana na AGORA, mpango wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2003, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kilimo ambayo bei yake ingefunga milango ya maktaba nzima.

Nenda na AGORA mpaka Katavi uone ustadi ukifanya kazi. Mkoa huu una miombo, na penye miombo pana asali. Mlele na Inyonga zinajulikana kwa hilo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda humu mkoani. Mwanafunzi anakuja kaunta.

"Shikamoo, mama. Nataka kitabu cha nyuki."

"Marahaba, mwanangu. Nyuki wa kuwafuga, au nyuki wa kuwasoma?"

"Mwalimu ametuuliza kwa nini nyuki wanahama mzinga."

Swali limeshabadilika. Kitabu cha nyuki kiko 638.1, lakini kinachotakiwa sasa ni utafiti. Mama anakaa kwenye kompyuta na kukutana na kikwazo ambacho watengenezaji wa zana hawakukifikiria. Katika hifadhidata nyingi, ukitaka maneno ya ukoo mmoja unaandika mzizi na kuweka nyota mwishoni. Kwa Kiingereza ni sawa, maana maneno yao huota mkia: farm*, na wote wanakuja, mkulima na kilimo chake. Kiswahili huota kichwa. Mfugaji, wafugaji, ufugaji: mwisho wa neno umetulia, mwanzo ndio unaobadilika, na hifadhidata nyingi haziikubali nyota mwanzoni. Kwa hiyo mama anaandika moja baada ya jingine, akiunganisha kwa OR, ufugaji OR mfugaji OR wafugaji, ili tasnifu na ripoti za Kiswahili zisipotee. Kisha anahamia upande wa pili na kuandika Apis mellifera, jina la kisayansi, kwa sababu anajua makala zilizoandikwa Ethiopia au Afrika Kusini hazitakuwa na neno nyuki. Anaongeza miombo. Anaondoa Ulaya. Baada ya dakika kadhaa mwanafunzi ana makala chache zinazohusu nyuki wanaofanana na wake, katika misitu inayofanana na yake.

Hakuna kitufe kilichofanya hayo. Zana ilikuwa ileile aliyonayo kila mtu aliyepewa nywila. Kilichoongezwa ni mtu anayejua lugha yake inavyotembea na lugha ya mashine inavyotembea, akasimama katikati kama mkalimani barazani, asiyeegemea upande wowote mpaka wote wameelewana.

Ustadi huu hufunzwa kwa kujaribu. Mwaka 2006, katika maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, Helene Blowers aliwapa wafanyakazi wenzake kazi ndogo ndogo 23 za kujaribu mtandaoni kwa wakati wao wenyewe, na aliyemaliza akazawadiwa kifaa kidogo cha kusikilizia muziki. Maktaba za nchi nyingi ziliiga mpango huo. Nyingi ya zana alizowafundisha zimekwisha kuzeeka au kufa, na hapo ndipo hekima ya mpango ilipo: kilichofundishwa kilikuwa tabia ya kujaribu, kuvuruga na kujaribu tena, mbele ya wenzako, bila aibu. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga. Katika ukutubi, kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Mtu mzima anayemwita kijana wa mafunzo kwa vitendo na kumwambia, "Hebu nioneshe tena hapo," hapotezi heshima. Anafanya mbele ya wasomaji kile anachotaka wao wafanye.

Katika Mpanda kujifunza huku kuna masharti yake. Mji huu ulifikiwa na reli kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, lakini kwa miaka mingi umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Bando huisha, umeme hukatika, ukurasa hukwama katikati. Mkutubi mzuri hupanga kazi kwa kujua hayo: hupakua mapema, huhifadhi nakala kwenye flashi, huandika kwenye daftari anwani ya ukurasa na tarehe aliyoufungua. Wapo waliolifikiria tatizo hili mapema. Tangu mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kiliwapelekea wasomi wa nchi zenye mtandao dhaifu TEEAL, maelfu ya makala za kilimo ndani ya diski, zisizohitaji intaneti kabisa. Kujua lini uache mtandao na kushika diski, au kitabu, ni sehemu ya kuujua mtandao.

Sasa zimekuja mashine zinazojibu kwa sentensi nzima, tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022. Zinaandika vizuri, na mara nyingine hutaja vitabu ambavyo havikuwahi kuandikwa. Hapa mkutubi anageuka kuwa mtu wa lazima kuliko zamani. Mwanafunzi akileta orodha ya vitabu aliyopewa na mashine, mkutubi hamcheki. Anafungua katalogi, anatafuta jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji, na kumwonesha kipi kipo na kipi ni kivuli. Swali lake ni lilelile la siku zote: hii imetoka wapi, nani aliiandika, na kwa nini tuiamini?

Lakini upande ambao sifa zake ni kubwa zaidi ni ule wa kuweka, si wa kutafuta. Hazina ya kidijitali ya Sokoine, SUAIRE, inapokea tasnifu na tafiti za chuo na kuziachia dunia nzima izisome. Kila andiko linaloingia humo linahitaji mtu ajaze sehemu zake: mwandishi, mwaka, maneno makuu, mahali. Ni kazi ya kuchosha, na anayeifanya kwa haraka ataandika "Katavi" na kuendelea. Anayejua ataandika Katavi, kisha Mpanda, kisha Rukwa, kama utafiti unagusa miaka ya nyuma. Ataweka neno la Kiingereza na la Kiswahili, jina la mti kwa Kilatini na kwa lugha ya wanaoukata. Hatakutana na atakayeyatumia maneno hayo. Huenda ni bwana nyuki wa wilaya, huenda ni mwanafunzi aliyeko Oslo, huenda ni mjukuu wa mtu wa Mishamo ambaye bado hajazaliwa. Kila neno analoongeza ni njia moja zaidi ya kufika. Programu aliyojifunza mwaka huu itabadilishwa, na atajifunza nyingine. Maneno aliyoyachagua yatahamishwa pamoja na andiko kutoka programu hadi programu, na ndiyo yatakayoamua kama Mpanda itaonekana au haitaonekana.