Heko kwa wapiga kinanda wa taarab

Taarab ya Unguja na Pemba inawiwa sana na wapiga kinanda. Katika taarab asilia, iliyolelewa na vikundi vya Nadi Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, akodiani hujibizana na fidla, udi na kanuni: mkono wa kulia hupiga sauti, wa kushoto huendesha mvukuto. Katika taarab ya kisasa, kinanda cha umeme hushika nafasi ya ala nyingi, hata kundi dogo likaweza kutumbuiza harusini. Nchini Marekani, mpiga ogani wa jazi Jimmy Smith alibeba mzigo kama huo kwa ogani ya Hammond, akipiga besi kwa mkono wa kushoto na kwa miguu. Kazi ya kupiga kinanda hudai sikio kali na subira; wanaoimudu wanastahili heshima kubwa.