Mwana Jua au "Mungu wa Kike"? Uhakiki wa Istilahi ya Visasili vya Kubuni kwa Mtazamo wa Kudha

Mwandishi wa Kiswahili anayebuni ustaarabu wa sayari nyingine hana budi kuwapa wakazi wake visasili. Wakazi hao wakiliabudu jua kwa sura ya mwanamke, kalamu huandika upesi "mungu wa kike wa jua". Makala haya yanadai kwamba istilahi hiyo ni tafsiri iliyovaa joho la ubunifu: inataja jinsia pasipo kumjenga mhusika. Kudha, mojawapo ya visiwa vya Bajuni kusini mwa Kismayo, ni kipimo kizuri cha dai hili, kwa sababu lugha tatu zinazolitazama jua kwa namna tofauti hukutana katika mwambao huo.

Lugha tatu, jua moja

Kibajuni, sawa na lahaja nyingine za Kiswahili, hakiliwekei jua jinsia. Katika Kisomali, qorrax ni nomino ya kike, na umbo lake bainifu ni qorraxda. Katika Kiarabu, lugha ya ibada na ya chuo cha Kurani, shams ni ya kike ilhali qamar, yaani mwezi, ni ya kiume. Basi msemaji wa lugha hizo tatu hulitaja jua kwa umbo la kike mara mbili na bila jinsia mara moja, na katika mara zote tatu hajataja kitu cha kuabudiwa. Jinsia ya kisarufi peke yake haizai uungu. Mhakiki anayedhani kwamba Kiswahili kimepungukiwa na visasili vya jua la kike kwa kuwa hakina jinsia ya kisarufi anatafuta mahali pasipo penyewe.

Ushahidi wa Afrika Mashariki unaonyesha pa kutafuta. Kwa Wairaqw wa Mbulu na Karatu, Looaa ni jua na ni mama mwema, akikabiliana na neetlangw, pepo wa ardhini na majini. Kwa Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, Ishoko ni jua, na mumewe ni Haine, mwezi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi kama Kisomali, nacho Kihadza hakina undugu uliothibitishwa na lugha yoyote. Hata hivyo, pande zote mbili uanamke wa jua umesimikwa katika ujamaa: huyu ni mama, yule ni mke. Tafsiri ya Kiswahili inayowaita wote wawili "mungu wa kike" huhifadhi jinsia na kuibomoa nyumba.

Pingamizi la msomaji

Yaweza kupingwa kwamba msomaji wa Kudha, akiwa Mwislamu, hatapokea kisasili cha namna hiyo kwa istilahi yoyote ile. Pingamizi hili halina uzito mkubwa. Sura ya An-Naml, ya 27 katika Kurani, inasimulia jinsi ndege hudhud alivyomletea Nabii Sulaiman habari za nchi ya Saba, inayotawaliwa na mwanamke, ambaye yeye na watu wake hulisujudia jua. Mtoto aliyepita chuoni ameshasikia habari za taifa la mbali lenye ibada ngeni, na hakuambiwa aamini ibada hiyo. Anachokataa si hadithi. Kinachomkwaza ni neno "Mungu", ambalo kwake lina mmoja tu, likiunganishwa na "wa kike" kana kwamba ni sifa ya kawaida. Istilahi humwingiza katika mabishano ya itikadi kabla hajaingia katika hadithi.

Nyenzo zilizomo katika lugha

Kiswahili kina njia mbili zinazoafiki mfano wa Wairaqw na Wahadza. Ya kwanza ni upatanisho. "Jua limechomoza" ni habari ya anga. "Jua amechomoza" ni mwanzo wa kisa. Kiambishi kimoja kimekipa kitu nafsi, kama wanavyopewa wanyama wa ngano. Ya pili ni cheo na ujamaa. Katika pwani ya kaskazini, Mwana ni jina la heshima la mwanamke: ndilo limo katika jina la mshairi Mwana Kupona na la Mwana Mkisi, malkia wa mapokeo ya Mombasa. "Mwana Jua" angekuwa bibi mwenye ukoo, mwenye kuogopwa na kubembelezwa, pasipo neno "mungu" kutamkwa. Ni kweli kwamba msomaji wa bara huenda akasikia "mtoto". Utata huo hutatuliwa na muktadha wa kisa, nao una faida: humfanya msomaji aulize Jua ni nani kwa nani.

Mbinu hii si ngeni katika riwaya ya Kiswahili. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimfikisha Dzombo kwenye ulimwengu ambao jina lake ni sentensi ya Kiswahili, "wale ni sisi", iliyoshonwa ikawa neno moja. Ugeni wa mahali hapo umetokana na lugha yenyewe, na kwa hiyo unamrudia msomaji kama swali juu yake mwenyewe. "Mungu wa kike wa jua" haliulizi swali lolote.

Athari kwa sera

Suala hili linavuka mipaka ya mtindo. Tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi wametawanyika Kenya na ng'ambo. Vinigi Grottanelli alichapisha utafiti wake juu ya wavuvi hawa mwaka 1955, na Derek Nurse amekusanya data za lahaja yao. Lakini kazi za wataalamu hazijawa nyenzo za waandishi wala za shule. Watoto wa jamii hiyo wakijifunza Kiswahili cha darasani pekee, matumizi ya Mwana kama cheo yatabaki katika majina ya marehemu.

BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinashauriwa kutosanifisha "mungu wa kike" kuwa kisawe pekee katika faharasa za fasihi. Inafaa kwanza kurekodi kwa wazee wa Kudha, Chula, Chovai na Koyama, popote walipo sasa, vyeo vya heshima, majina ya ujamaa na msamiati wa anga, kisha kuviorodhesha pamoja na mifano ya matumizi. Mwandishi atakayebuni sayari kesho atachota katika hazina atakayoikuta, na kilichoachwa nje ya orodha hatakijua.