Kutoka Upepo hadi Paa

Ipo mtandaoni ramani ya upepo iliyotengenezwa na Cameron Beccario mwaka 2013. Inaonyesha dunia nzima ikiwa imefunikwa na nyuzi nyembamba zinazotembea. Iweke kwenye siku yoyote ya Julai, uielekeze Bahari ya Hindi. Utaiona kusi ikipanda kutoka kusini mashariki, inapita pwani ya Tanzania na Kenya, inavuka ikweta, kisha inapinda kulia na kushika mbio kando ya Somalia kuelekea Uarabuni na Bara Hindi. Irudishe nyuma hadi Januari: nyuzi zimegeuka, na sasa kaskazi inashuka kuja kwetu.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukariri kwamba pepo za msimu husababishwa na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari, akapata alama zake, na asiwe ameelewa kitu. Mbele ya ramani hii lazima ajiulize kwa nini upepo ule ule haukuendelea moja kwa moja baada ya ikweta. Hapo mzunguko wa dunia unaacha kuwa maneno ya kitabuni, na bara la Asia linaloungua na jua la Juni linaonekana kweli likivuta hewa kutoka baharini.

Lakini ramani haifundishi yenyewe, wala picha ya setilaiti. Ukiwaachia watoto, watashangilia rangi kwa dakika chache kisha watataka kutafuta paa la nyumba yao. Ninayemsifu ni mwalimu anayejua swali gani liulizwe kabla picha haijafunguliwa, picha ipi ifuate, na ipi iachwe hata kama ni nzuri. Huo ni ufundi kamili, sawa na ule wa fundi seremala anayeuchagua ubao kwa kuutazama nyuzi zake, na nadhani hatuuheshimu inavyostahili.

Mwalimu wa namna hiyo huiacha ramani ya upepo ikitembea, akauliza: chombo cha tanga kikitoka Kuwait au Sur ya Oman, kitafika Zanzibar mwezi gani, na kitarudi lini? Darasa linaanza kuhesabu. Majahazi yalishuka na kaskazi, kuanzia Desemba hivi. Yalirudi kusi ilipoanza kuvuma, mwezi wa Aprili, au yakangoja hadi ilipopungua nguvu, kwa sababu katikati ya msimu bahari ya Somalia huchafuka vibaya. Kwa hiyo mabaharia walikaa. Miezi ile ya kungoja upepo ndiyo iliyoleta ndoa, ubia wa biashara na ujirani wa vizazi. Mwanafunzi wa Kilwa au wa Mombasa anayesikia hayo huanza kuzikumbuka koo za mtaani kwake.

Kisha inafunguliwa picha ya setilaiti ya delta ya Rufiji: mto unaogawanyika kabla ya kuingia baharini, na mikoko ya kijani kizito pande zote. Hapa palitoka mzigo gani? Boriti. Nchi za Ghuba hazikuwa na misitu ya kujengea, na nyumba za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka Afrika Mashariki. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kama ilivyo katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar. Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la Wakuwait mwaka 1938, akashuka nalo hadi Zanzibar na Rufiji, akafika nalo Kuwait mwaka 1939. Picha alizopiga zimehifadhiwa na jumba la makumbusho la bahari la Greenwich, London, na baadhi zinaonekana mtandaoni. Upepo, msitu, paa la nyumba ya mbali: mwanafunzi aliyepitishwa njia hiyo hatazitenganisha tena jiografia na historia.

Utamaduni wa watu wengine unahitaji mkono mwangalifu zaidi. Tafuta jina la nchi yoyote mtandaoni, utaletewa ngoma na mavazi ya sikukuu. Ndiyo maana naipenda sana kazi ya Anna Rosling Rönnlund, Dollar Street, iliyofunguliwa mwaka 2016 na taasisi ya Gapminder ya Uswidi. Humo familia za nchi nyingi zimepigwa picha za vitu vya kila siku, yaani jiko, kitanda, mswaki, choo, na zimepangwa kwa kipato. Mwalimu hodari huficha jina la nchi kwanza. Darasa linatazama jiko, linabishana ni la wapi, kisha linagundua kwamba kaya zenye kipato kinachokaribiana hufanana jikoni hata zikiwa mabara tofauti.

Mwalimu huyo anafanya yote haya bando likiisha na umeme ukikatika. Walimu wengi hupakua picha usiku, wakati mtandao una kasi, wakazihifadhi kwenye flashi au kwenye vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Tanzania ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Na huwaambia wanafunzi ukweli kuhusu vifaa vyenyewe: picha ya setilaiti huunganishwa kutoka siku tofauti, na ramani bapa inayofuata mtindo wa Mercator wa mwaka 1569 huifanya Greenland ionekane karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi.

Hatua ninayoiona kubwa kuliko zote ni pale darasa linapochora. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam wakaingia kwenye kata zinazofurika, wakapima na kuchora mitaro, nyumba na njia pamoja na wakazi, kazi yao ikawekwa kwenye OpenStreetMap inayosomwa na kuhaririwa na yeyote duniani. Shule ya sekondari inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kijiji chake: kisima, kivuko, njia inayofungwa na maji wakati wa masika. Mwalimu hupitia kila alama kabla haijapandishwa. Mtaro huu unamwaga wapi? Nani kati yenu amefika hapa kwa miguu? Na jina hili mmeliuliza kwa wazee wa mtaa, au mmelinakili tu kwenye kibao?