Kakao Haiyeyuki, Hupekechwa

Anayepika chokoleti ya moto ya Kimeksiko kwa mara ya kwanza huhangaikia viungo: mdalasini kiasi gani, pilipili iwemo au isiwemo. Nashikilia kwamba kinywaji hiki huharibikia kwingine, mkononi mwa mpishi. Kakao haiyeyuki kama sukari. Karibu nusu ya punje yake ni siagi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni unga usioyeyuka. Ukikoroga kwa kijiko tu, siagi hupanda na kuelea kama mafuta ya mchuzi, unga nao hutuama chini. Vidonge vya chokoleti vya Oaxaca, huko Meksiko, huzidisha kazi, maana kakao husagwa pamoja na sukari na mdalasini, pengine na lozi, bila kulainishwa kama chokoleti ya kula. Meno hukutana na chembe za sukari.

Wenyeji wa Amerika, Wamaya wakiwamo, walilijua hilo zamani. Chombo cha Wamaya kilichomo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Princeton, cha kati ya mwaka 670 na 750, kimechorwa mwanamke akimimina kinywaji toka juu kwenda chombo cha chini, ili povu lisimame. Enzi ya Wahispania ukaenea molinillo, upekecho wa mti wenye kichwa cha kuchongwa na pete zinazocheza, unaozungushwa kati ya viganja kama mtu apekechavyo moto. Mabirika ya chokoleti ya Ulaya nayo yakatobolewa kifuniko, mpini wa upekecho upite. Fundi hatoboi birika la fedha bila haja.

Yupo atakayesema povu ni pambo, na kwamba ladha iko kwenye viungo. Lakini ukali wa pilipili hukaa kwenye mafuta, si kwenye maji, na harufu ya mdalasini vilevile hupenda mafuta. Siagi ikielea, funda la kwanza litaunguza na la mwisho litapooza, hata ukipima viungo kwa mizani. Kupekecha huivunja siagi kuwa matone madogo yaliyotawanyika, na viungo hutawanyika nayo. Povu ni dalili kwamba kazi imefanyika. Tena pilipili, iliyokuwamo katika vinywaji vya kale, si lazima leo: vidonge vya kawaida vya Meksiko vina mdalasini, ule laini wa Sri Lanka wenye maganda membamba. Mwingine atauliza kwa nini asitumie unga wa kopo. Autumie, ila ajue kwamba tangu mashine ya kukamua kakao ya Van Houten ya mwaka 1828 unga huo hukamuliwa siagi nyingi, hivyo kinywaji huwa chepesi, na bado hutuama.

Kwa lita 1 ya maziwa, gramu 150 za chokoleti nyeusi zinatosha. Chemsha maziwa polepole na kijiti cha mdalasini, kisha kitoe, epua, tia chokoleti iliyokatwakatwa na uiache ilainike. Mimina kwenye jagi refu jembamba, maana kwenye sufuria pana kinywaji hurukia nje. Zungusha mchapo wa waya kati ya viganja kwa nguvu, dakika 2 au 3, mpaka macho ya mafuta yapotee juu. Blenda nayo yafaa, mradi isijazwe na mvuke upate pa kutokea. Kila kikombe kabla hakijamiminwa, pekecha tena kidogo.