Mizani Imepanda, Mafuta Yamepungua: Hesabu ya Maji Mwilini

Mkufunzi yeyote wa gym, awe Kinondoni au Westlands, ameshasikia malalamiko haya. Mtu ameacha soda, ugali ameupunguza nusu, alfajiri anakimbia na jioni ananyanyua vyuma. Jumatatu mizani ilisoma kilo 82. Alhamisi inasoma 83.5. Akiuliza kulikoni, hupewa jibu moja kati ya mawili: kwamba anakula kwa kujificha, au kwamba mafuta yake yamegeuka misuli. La kwanza ni tusi, la pili ni faraja, na yote mawili hayasimami ukiyapigia hesabu.

Tuanze na tusi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Kiwango hicho kilienea baada ya daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, kukokotoa mwaka 1958 kwamba ratili moja ya unene ni sawa na kilokalori 3,500. Kilo 1.5 basi ni kilokalori 11,550. Zigawe kwa siku tatu, unapata 3,850 kila siku, na hizo ni za ziada, juu ya zile ambazo mwili umekwisha kuzitumia kwa kupumua, kutembea na kunyanyua vyuma. Kwa mtu anayetumia 2,400 kwa siku, ingembidi ale zaidi ya 6,000, siku tatu mfululizo. Mtu huyo angejijua.

Faraja nayo haina mguu wa kusimamia. Seli ya mafuta ni ghala la mafuta. Msuli umejengwa kwa protini na maji, na hakuna njia ambayo kimoja hupita kuwa kingine. Misuli mipya hujengwa kweli, lakini hujengwa kwa miezi, na hujengwa kwa shida zaidi mtu anapokuwa amepunguza chakula. Kilo moja na nusu kati ya Jumatatu na Alhamisi haiwezi kuwa misuli.

Kinachobaki ni maji. Mwanamume wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji mwilini, na lita moja ni kilo moja. Yakiongezeka kwa asilimia tatu na nusu hivi tu, mizani imepanda kilo 1.5 na hakuna gramu hata moja ya mafuta iliyoongezeka. Swali la kitaalamu ni hili: kwa nini maji hayo yaongezeke wakati ule ule ambao mtu ameanza kujibana na kufanya mazoezi?

Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana Sweden, katika miaka ya 1960, kwa jaribio ambalo nalihesabu miongoni mwa yale maridadi kabisa katika sayansi ya mwili. Daktari Jonas Bergström alikuwa ameiboresha sindano nene yenye uwezo wa kunyofoa kipande kidogo cha nyama ya paja kwa mtu aliye macho, kwa ganzi ya pale pale tu. Yeye na mwenzake Eric Hultman walichukua baiskeli moja ya mazoezi, wakaketi mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja akakanyaga pedali kwa mguu mmoja hadi nguvu zikamwishia. Mguu wa pili ulipumzika. Kisha wakajichoma sindano mapaja yote mawili, na kwa siku tatu zilizofuata wakala chakula chenye wanga mwingi huku wakiendelea kujinyofoa vipande. Watafiti na watafitiwa walikuwa watu wale wale wawili.

Ujanja wa jaribio hilo uko kwenye ule mguu uliopumzika. Miguu yote miwili ilikuwa ya mtu mmoja, inapata damu moja, homoni zile zile, chakula kile kile. Tofauti ilikuwa kazi peke yake. Walichokuwa wakipima ni glaikojeni, yaani sukari ambayo mwili huiunganisha minyororo mirefu na kuiweka akiba ndani ya misuli na ini. Mguu uliofanya kazi ulimaliza akiba yake karibu yote. Lakini baada ya siku tatu za wanga haukurudi pale ulipokuwa: ulijaza mpaka kufikia takriban mara mbili ya mguu uliopumzika. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1966, na wakimbiaji wa marathoni wanaokula wali na viazi kwa wingi siku chache kabla ya mbio wanaishi juu ya ugunduzi huo.

Kilichomhusu mtu wa mizani kilikuja mwaka 1970, pale Karl-Erik Olsson na Bengt Saltin walipopima maji ya mwili mzima kabla na baada ya akiba hiyo kujazwa. Uzito wa washiriki wao uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2, na karibu nyongeza yote ilikuwa maji. Glaikojeni haikai msulini ikiwa kavu. Kila gramu moja hushikilia gramu 3 hadi 4 za maji.

Sasa mrudishe bwana wetu wa kilo 83.5. Wiki ya kwanza alijibana vikali, akiba ikapungua, mizani ikashuka haraka, naye akafurahi. Wiki ya pili akaendelea na mazoezi lakini akaongeza viazi na ndizi kidogo kwa kuwa mkufunzi alimwambia asizimie. Misuli iliyochoshwa ikafanya kile mguu wa Bergström ulichofanya. Ikihifadhi gramu 300 kwa siku tatu, hizo ni kilokalori 1,200 tu, yaani 400 kwa siku, ambazo mtu anaweza kuzipata akiwa bado anakula chini ya mahitaji yake. Pengo lote linalobaki hulipwa na mafuta. Mizani inaongeza kilo moja na robo au zaidi, na mafuta yanapungua, siku ile ile.

Soma hesabu hiyo kinyumenyume na utaielewa pia ile miujiza ya matangazo ya barabarani, ya kupunguza kilo tano kwa siku saba. Mtu aliyekata wanga wote humwaga glaikojeni na maji yake. Insulini ikishuka, figo nazo huachia chumvi, na chumvi huondoka na maji. Kilo zimepungua kweli. Kitambi hakijui habari hizo. Atakapokula sahani ya kwanza ya pilau zitarudi kwa siku moja au mbili, na muuza dawa atasema mteja ndiye aliyekosea masharti.

Msuli una sababu nyingine ya kuvuta maji, na hii wanaoanza mazoezi wanaijua kwa maumivu. Ukichuchumaa na vyuma mabegani kwa mara ya kwanza baada ya miaka, au ukishuka mlima, nyuzi za msuli huchanika kidogo kidogo. Mwili hupeleka maji na seli za kinga kukarabati. Kukakamaa kule kunakomfanya mtu ashindwe kushuka ngazi, kwa kawaida kati ya siku ya kwanza na ya tatu, huandamana na uvimbe ambao macho hayauoni lakini mizani inauona. Damu nayo huongezeka: mtu akianza mazoezi ya pumzi, plazma hupanuka ndani ya siku chache kwa takriban asilimia 10. Kwa mtu mwenye lita 3 za plazma, hizo ni gramu 300, na ni habari njema kwa moyo.

Chumvi nitaipitia haraka. Mwili hulinda kiwango cha sodiamu kwenye damu kwa ukali, hivyo gramu moja ya chumvi iliyobaki mwilini huhitaji takriban mililita 120 za maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Wengi wanaoanza daiti huzidisha bila kujua, kwa sababu wamehamia kwenye supu za vidonge vya mchuzi, samaki wa ng'onda na achari ili chakula kidogo kiwe na ladha. Gramu 6 za ziada ni kama gramu 700 kwenye mizani mpaka figo zitakapozitoa.

Sababu hizo zote ni za siku chache. Iko ya miezi, na mfano wake uliopimwa vizuri kupita yote unatoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, Ancel Keys na wenzake waliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kushindishwa njaa ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vitakapokwisha. Walilazwa ndani ya jengo la uwanja wa mpira wa chuo. Kwa wiki 12 walilishwa vya kutosha, karibu kilokalori 3,200 kwa siku. Kisha kwa wiki 24 wakapewa takriban nusu, wingi wake viazi, mkate, tanipu na makaroni, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki.

Kwa mchambuzi wa mizani, kinachovutia hapo ni namna lishe ilivyoendeshwa. Keys alikuwa amemchorea kila kijana mkunjo wa uzito ambao alipaswa kuufuata hadi apoteze takriban robo ya uzito wake, na chakula cha kila mmoja kilirekebishwa kila wiki, mkate ukipunguzwa au kuongezwa, ili asitoke kwenye mkunjo. Mizani ilikuwa usukani. Tatizo ni kwamba usukani ulianza kudanganya. Vifundo vya miguu na nyuso vilivimba maji. Mafuta na nyama viliyeyuka, lakini maji yaliyo nje ya seli hayakupungua navyo: mwanzoni yalikuwa karibu robo ya uzito wa mwili, mwishoni yakawa karibu theluthi. Kijana aliyevimba alionekana kwenye karatasi kuwa anapungua taratibu, wakati tishu zake zinaisha kwa kasi ile ile. Keys na wenzake walikuwa na vipimo vingine, wakiwazamisha vijana majini na kupima maji ya mwili kwa kemikali, kwa hiyo walijua. Mtu mwenye mizani ya bafuni hana vipimo hivyo.

Simlinganishi mtu aliyepunguza chapati mbili na vijana wale waliobaki mifupa. Lakini uelekeo ni mmoja: mwili uliobanwa kwa muda mrefu, hasa ukichoshwa na mazoezi na kunyimwa usingizi, huelekea kushikilia maji, na maji hayo yanaweza kuficha mafuta yanayoondoka kwa wiki kadhaa. Kisha huachia kwa mkupuo, na mtu hudhani ni ile chai ya tangawizi aliyoanza kunywa juzi.

Kwa wanawake upo mzunguko wa hedhi juu ya haya yote. Wengi hubeba maji ya ziada siku chache kabla ya hedhi, wengine kufikia kilo moja au zaidi, na hushuka damu inapoanza. Kulinganisha uzito wa wiki hii na wa wiki iliyopita, kwa mwanamke, ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Alinganishe wiki ya kwanza ya mzunguko huu na wiki ya kwanza ya mzunguko uliopita. Nashangaa wakufunzi wengi hawalisemi jambo hili, na nadhani ni haya tu.

Kuhusu mizani zile zinazodai kukupa asilimia ya mafuta, tahadhari. Hupitisha umeme mdogo miguuni na kupima ukinzani, kisha hukisia mafuta kutokana na maji. Maji ndiyo yanayobadilika, kwa hiyo siku ambayo unahitaji sana jibu lake ndiyo siku ambayo jibu hilo lina thamani ndogo. Utepe wa fundi cherehani, ukizungushwa kitovuni kila Jumapili, una ukweli zaidi.

Njia ya kusoma mizani inatokana moja kwa moja na hesabu hizi. Pima alfajiri, baada ya choo, kabla ya kunywa chochote, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Andika kila siku, lakini usiamue lolote kwa namba ya siku moja. Jumlisha saba, gawa kwa saba, na ulinganishe wastani na wastani. Mtu anayepungukiwa kilokalori 500 kwa siku hupoteza takriban gramu 450 za mafuta kwa wiki. Maji yanacheza kwa kilo nzima na zaidi, kwa hiyo kabla ya wiki ya nne hivi mafuta hayatajitokeza waziwazi kwenye karatasi. Na hapa niwe mkali kidogo: wiki sita zikipita, wastani haujashuka na utepe haujasogea, maji si kisingizio tena. Hapo ndipo pa kupima upya mafuta ya kupikia, maziwa ya chai na vitafunio vya ofisini.

Kuna watu ambao kwao kupanda kwa ghafla hakuvumiliwi hata kidogo. Kliniki za moyo huwaagiza wagonjwa wajipime kila asubuhi kwa sababu hii hii, kwamba mizani huyaona maji mapema. Mwenye ugonjwa wa moyo akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, au mtu yeyote ambaye uzito unapanda huku miguu inavimba, uso unavimba asubuhi au pumzi inakatika akilala chali, asisubiri wastani wa wiki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.