Heko kwa Wachora Ramani wa Nyika za Marekani

Katika ramani za zamani za nchi ya Wanavajo, kusini-magharibi mwa Marekani, hata kinu cha upepo kinachovuta maji kimetiwa alama. Jirani yake kuna birika la kunyweshea mifugo, zizi, na hapa na pale hogan, nyumba ya jadi ya Wanavajo.

Kazi hiyo ni ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani iliyoundwa mwaka 1879. Chini ya mkurugenzi wake John Wesley Powell, mwaka 1884 ilianza kuipima nchi nzima. Wapimaji walipanda vilima na ubao wa kuchorea wenye miguu mitatu, wakaichora ardhi huku wakiitazama.

Katika ramani hizo, kontua, yaani mistari ya mwinuko, ni za kahawia, misitu kijani, maji buluu. Kontua zikibanana, mfugaji anajua hapo pana mteremko mkali. Kijito cha msimu kina mstari uliokatikakatika, ili mchungaji asikitegemee kiangazi.

Leo ramani zaidi ya 178,000 za miaka 1884 hadi 2006 zimepigwa skani, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Mjukuu wa mfugaji anaweza kutafuta zizi la babu yake katika ramani iliyochorwa kabla hajazaliwa.